Rolikeji ya Gari la 4x4: Mwongozo Kamili wa Kuibuni na Kuitengeneza

Gari la 4x4 linapobingirika mteremkoni, mara nyingi kona ya paa iliyo juu ya kioo cha mbele ndiyo hugonga ardhi kwa nguvu zaidi. Injini huvuta pua chini, na uzito wa gari hushukia nguzo nyembamba zilizoshika kioo. Rolikeji, yaani kizimba cha mabomba ya chuma ndani ya gari, huupokea uzito huo kwenye kona hiyo na kuupeleka hadi sehemu za gari zenye nguvu bila kukunjika njiani. Kizimba kilichosimama juu ya bati jembamba la sakafu hakiwezi kazi hiyo hata kikipendeza vipi: miguu hutoboa sakafu na chote kinashuka pamoja na paa. Kwa hiyo hapa tutakaa zaidi kwenye miguu na viungo kuliko kwenye umbo.

Kabla ya kununua bomba

Jiulize kwanza gari litatumikaje. Rolikeji imekusudiwa watu waliovaa helmeti, waliokaa kwenye viti imara na kufungwa mikanda ya pointi nne au zaidi. Kichwa kitupu kikigonga bomba la chuma, hata ajali ndogo ya barabarani inaweza kuua. Kama gari hilo hilo hubeba familia siku za kazi, usiweke kizimba kamili. Weka tao kuu, yaani bomba lililokunjwa kama lango kutoka sakafu ya upande mmoja hadi ya upande wa pili, nyuma ya viti vya mbele, pamoja na mihimili ya nyuma, yaani mabomba mawili yanayoliegemeza kuelekea nyuma ya gari, na kiti cha nyuma kiondolewe kabisa. Gari lenye mifuko ya hewa inayoshuka kutoka ukingo wa paa nalo linakulazimisha kuchagua, kwa sababu bomba likipita hapo mfuko hautafunguka inavyotakiwa.

Kama unakusudia kushindana, soma kanuni za mashindano yako kabla ya kuchora mstari wowote. Kanuni za FIA (Shirikisho la Kimataifa la Magari, linalosimamia mbio za magari), Nyongeza J, kifungu cha 253, hutaja kipenyo, unene, idadi ya bolti na hata ukubwa wa mabamba ya miguu, na mkaguzi akikuta unene umepungua nusu milimita atakukatalia. Hata kama hushindani, vipimo hivyo ni msingi mzuri wa kuanzia, na ndivyo tutakavyotumia hapa. Tunza cheti cha chuma ulichopewa na muuzaji, maana ukishapaka rangi hakuna wa kuthibitisha bomba lilikuwa la aina gani.

Chuma cha kutumia

FIA hutaka bomba lisilo na mshono, la chuma cha kaboni kisichochanganywa, lililovutwa baridi, lenye kaboni isiyozidi asilimia 0.3 na uwezo wa kuvutwa usiopungua 350 N/mm². Tao kuu liwe la kipenyo cha milimita 45 kwa unene wa 2.5, au 50 kwa 2.0. Mabomba mengine yawe 38 kwa 2.5, au 40 kwa 2.0.

Kati ya 45 × 2.5 na 50 × 2.0, lipi bora? Ugumu wa bomba dhidi ya kupinda hupanda haraka kipenyo kinapoongezeka, kuliko unene unapoongezeka. Bomba la 50 × 2.0 lina ugumu unaozidi lile la 45 × 2.5 kwa takriban asilimia 15, na ni jepesi zaidi: kilo 2.37 kwa mita dhidi ya 2.62. Lakini ukuta mwembamba hubonyea haraka ukigongwa na jiwe au kisiki, na bomba lililobonyea hukunjika palepale penye kibonyeo. Kwa gari la kupita kwenye miamba na misitu, tunachagua 45 × 2.5. Bomba la inchi 1.75 lenye unene wa inchi 0.120 ni zito zaidi, kilo 3.1 kwa mita, na linafaa hasa kwa vizimba vinavyokaa nje ya bodi.

Chuma cha 4130, chenye kromiamu na molibdenamu, hakiongezi ugumu kwa kipimo kilekile. Kinaongeza nguvu kabla ya kuharibika. Faida yake ya uzito hupatikana tu ukipunguza unene, na hudai mchomeleaji aliyebobea wa TIG, yaani uchomeleaji wa gesi kwa ncha ya tangsteni. Anayejenga kizimba chake cha kwanza abaki na chuma cha kaboni.

Mabomba ya maji yasitumike, iwe ya zinki au meusi. Yametengenezwa kubeba maji, ubora wa chuma chake haujulikani, na zinki ikichomwa hutoa moshi unaougulisha mapafu na kuacha vitundu ndani ya mshono.

Kwa kizimba cha miguu sita kwenye gari fupi la milango miwili, hesabu hukaribia hivi: tao kuu mita 3.4, matao mawili ya pembeni (yanayotoka tao kuu, kufuata ukingo wa paa na kushuka na nguzo ya kioo hadi sakafuni) mita 4.8, bomba la juu ya kioo 1.1, mihimili ya nyuma 2.6, mshazari wa tao kuu 1.6, bomba la mikanda 1.2, msalaba wa paa 3.0; mabomba ya milangoni 4.4, bomba la nyuma ya dashibodi 1.2, mshazari wa mihimili ya nyuma 1.6. Jumla ni karibu mita 25 na kilo 56, na mabamba yote yakiongezwa unafika kilo 60 hadi 65. Nunua mabomba 2 ya mita 6 ya kipenyo kikubwa, moja likiwa la majaribio na akiba, na 5 ya kipenyo kidogo. Ukinunua kamili bila ziada, kosa moja la kukunja litasimamisha kazi yote.

Kubuni: pembetatu na viungo

Ondoa viti, zulia, dari ya ndani, plastiki zote za pembeni na nyaya zinazopita kwenye nguzo. Kisha rudisha viti vitakavyotumika, kwenye urefu wake wa mwisho, na umkalishe dereva mrefu kuliko wote akiwa na helmeti na mikanda imekazwa. Kutoka helmeti hadi bomba lolote acha angalau milimita 75, na upime baada ya kujumlisha unene wa sponji. Gari likiwa juu chini mikanda hunyooka na mwili husogea kuelekea paa, kwa hiyo nafasi inayoonekana kubwa ukiwa umekaa wima hupungua sana wakati unapoihitaji.

Tengeneza mfano kwa mabomba ya plastiki ya kipenyo kinachokaribiana, ukiyafunga kwa tepu ya karatasi. Kazi hii ya saa chache itakuonyesha mahali ambapo mlango hautafunga, kioo hakitashuka au goti litagonga bomba.

Katika uchoraji, fuata wazo moja: umbo la pembe nne husukumwa likalala, ila pembetatu hailali mpaka bomba lenyewe likatike au likunjike. Kila dirisha la pembe nne katika kizimba lipate mshazari. Tao kuu lipate mshazari unaoanzia juu upande wa dereva na kushuka hadi mguu wa upande wa pili. Paa lipate msalaba, au umbo la V. Mihimili ya nyuma iungane na tao kuu karibu na kona zake za juu, ikilala nyuma kwa angalau digrii 30 kutoka wima. Iwe imenyooka kabisa: bomba lililopindwa kidogo ili kukwepa kitu tayari limeanza kukunjika, na mzigo utalimalizia.

Kosa linaloonekana sana ni bomba kuishia katikati ya bomba jingine. Mzigo ukija, bomba linalopokea hupinda hapo katikati kwa kuwa halina msaada. Mabomba yakutane kwenye kiungo kimoja, na mistari yao ya katikati ielekee kwenye nukta moja. Kama nafasi inakulazimisha kuachanisha, mwachano usizidi kipenyo cha bomba, na uweke kibamba cha pembe kati yao.

Mbele, nguzo ya kioo ndiyo dhaifu kuliko zote kwa sababu tao la pembeni hupinda pale lilipofuata nguzo. Ongeza bomba lililonyooka kutoka karibu na kona ya juu ya kioo hadi chini ya tao hilo, karibu na mguu. Litapunguza nafasi ya kuingilia kidogo, na ukipanda na kushuka kila siku litakuudhi. Liweke hata hivyo.

Bomba la mikanda liwe kwenye kimo cha kufanya mikanda ya mabega itoke mlalo, au ishuke nyuma hadi digrii 20. Likiwa chini sana, mikanda huvuta mabega kuelekea kiti na kuukandamiza uti wa mgongo gari linapogonga mbele.

Miguu: pale kizimba kinapofia

Magari mengi ya 4x4 yana bodi inayokaa juu ya chasisi kwa bushi za mpira. Chasisi hujipinda gurudumu moja linapopanda jiwe, na bodi husogea juu yake. Hapa ndipo wengi hupotea: wanapitisha miguu miwili kwenye sakafu na kuichomelea chasisi, huku mingine minne ikibaki kwenye bodi. Baada ya miezi michache sakafu huanza kupasuka kuzunguka miguu, kwa sababu kizimba kinazuia mwendo ambao bushi ziliwekwa kuuruhusu.

Kuna njia mbili zilizo sahihi. Ya kwanza ni miguu yote sita kushika bodi, ikisimama karibu iwezekanavyo na sehemu ambazo bodi imefungwa kwenye chasisi, ili mzigo ushuke kupitia bushi hadi chasisi. Ya pili ni miguu yote kufika kwenye chasisi kupitia vishikio vyenye bushi za ugumu unaofanana na zile za bodi. Njia ya kwanza ni rahisi na inatosha kwa magari mengi. Usichanganye njia hizi mbili, isipokuwa umebadilisha bushi zote za bodi kuwa vipande vigumu.

Kila mguu wa tao kuu na wa mbele upate bamba la unene wa angalau milimita 3 na eneo lisilopungua sentimita za mraba 120, kwa mfano 100 × 120. Chini ya sakafu weka bamba la pili la kiasi hicho, ili bati libanwe katikati, na ufunge kwa bolti 3 za M8 (kipenyo cha milimita 8) za daraja la nguvu la 8.8 au zaidi, zikiwa zimetawanyika kuzunguka bomba. Miguu ya mihimili ya nyuma inaruhusiwa bolti 2 na bamba la sentimita za mraba 60, lakini nafasi ikiwepo ongeza. Zungusha kona za mabamba, maana kona kali hukata bati kila gari linapotikisika.

Inafaa zaidi bamba likunjwe lipande kwenye kizingiti cha mlango. Kizingiti ni kisanduku kilichofungwa, nacho kina nguvu mara nyingi kuliko sakafu. Kabla ya hapo piga sakafu kwa nyundo ndogo. Sauti ya kufifia, au rangi iliyovimba, ni dalili ya kutu. Kata sehemu hiyo na uweke bati jipya kwanza.

Kukunja

Tumia mashine yenye dai (kalibu ya kukunjia) inayolingana na kipenyo halisi cha bomba. Mashine za haidroliki za mafundi bomba zina dai za vipimo vya mabomba ya maji, nazo huliacha bomba likiwa bapa kwenye kona. Mashine za mabomba ya ekzosi huminya vilevile. Nusu kipenyo cha mkunjo, kikipimwa kwenye mstari wa katikati wa bomba, kisipungue mara 3 ya kipenyo: milimita 135 kwa bomba la 45. Baada ya kukunja pima kwa kalipa. Kipenyo kifupi ukigawanya kwa kirefu usipate chini ya 0.9. Ukiona makunyanzi upande wa ndani, tupa kipande hicho.

Tuseme tao kuu liwe na upana wa nje wa 1300 na kimo cha nje cha 1150, kwa bomba la 45. Mstari wa katikati ni 1255 kwa upana na 1127.5 kwa kimo. Kila mkunjo wa digrii 90 hula milimita 135 kutoka kila upande wa kona, na urefu wake wenyewe ni 3.1416 × 135 × 90 ÷ 180, yaani 212. Hivyo mguu ulionyooka ni 1127.5 − 135 = 992.5, na sehemu ya juu iliyonyooka ni 1255 − 270 = 985. Jumla: 992.5 × 2 + 985 + 212 × 2 = 3394. Ongeza 50 kila ncha kwa ajili ya kukata miguu ifuate sakafu, na uanze na bomba la 3494. Alama ya kuanza mkunjo wa kwanza iwe 1042.5 kutoka ncha, na ya pili iwe 1042.5 + 212 + 985 = 2239.5.

Hesabu hiyo itakuwa kweli kwa mashine yako baada tu ya kujaribu. Kunja kipande cha majaribio digrii 90, ukiachie, kisha upime kimerudi kiasi gani. Digrii 2 hadi 4 ni kawaida. Pima pia kama mkunjo unaanza hasa kwenye alama. Wakati wa kazi yenyewe simama mapema kidogo, pima, kisha ongeza, maana kukunjua bomba lililopitiliza hulidhoofisha. Chora mstari mmoja ulionyooka urefu wote wa bomba kabla ya kuanza, uutumie kuhakikisha mikunjo yote iko kwenye bapa moja. Tao lililokamilika ukililaza chini likibembea, limejisokota. Usitarajie kulinyoosha kwa bolti.

Matao ya pembeni ni magumu kuliko tao kuu kwa sababu hupinda katika pande mbili. Kunja la kushoto, lijaribu ndani ya gari hadi uridhike, kisha nakili vipimo vyake kinyume kwa la kulia.

Kukata ncha na kupanga

Ncha ya bomba linaloungana na jingine ikatwe ili ilikumbatie. Msumeno wa duara wa kutobolea, wenye kipenyo cha bomba linalopokea na ukiwa umeshikwa kwenye kifaa cha kupima pembe, hufanya kazi nzuri kwa pembe hadi karibu digrii 45. Kwa pembe kali zaidi tumia kiolezo cha karatasi kilichozungushwa bombani, kisha grainda na faili. Mwanya wowote usizidi milimita 1.5; ukizidi, endelea kufaili. Mwanya mkubwa ukijazwa kwa waya wa kuchomelea hutoa mshono mnene unaoonekana imara huku ukingo wa bomba umeungua na kuwa mwembamba.

Panga kwa utaratibu huu: tao kuu, mihimili ya nyuma, matao ya pembeni, bomba la juu ya kioo, kisha mishazari, na milango mwishoni. Kila kiungo kipate nukta 4 za kushikilia tu. Funga viti, funga milango, shusha vioo, kaa ndani na helmeti, zungusha usukani mpaka mwisho. Huu ndio wakati wa mwisho wa kubadilisha kitu bila hasara.

Kuchomelea

Fungua nyaya za betri, ondoa kompyuta ya injini kama iko karibu, toa tangi la mafuta kama mguu wowote unalisogelea, na ukwangue lami ya kuzuia sauti kwenye sakafu pande zote za miguu, juu na chini. Lami hiyo hushika moto upande usiouona. Awepo mtu wa pili mwenye kizima moto, na abaki hapo dakika 30 baada ya cheche ya mwisho.

Kwa MIG, yaani uchomeleaji wa gesi wenye waya unaojilisha, waya wa ER70S-6 wa milimita 0.8 na mchanganyiko wa agoni asilimia 75 na kaboni dioksidi asilimia 25 hufaa kwa unene wa 2.5. Safisha chuma king'ae sentimita 3 kila upande wa kiungo. Kabla ya kugusa kizimba, chomelea viungo viwili vya majaribio kwa mabaki yaleyale, kisha vikate katikati na uangalie kama mshono umepenya kuta zote mbili. Kimoja kipige kwa nyundo kubwa hadi kishindwe: bomba lipinde au lichanike, mshono ubaki. Mshono ukiachia kwa usafi, ongeza umeme na ujaribu tena.

Kila kiungo kichomelewe mzunguko mzima. Tatizo ni upande wa juu, kati ya bomba na paa, ambako bunduki ya MIG haifiki. Suluhisho la uhakika ni kutoboa sakafu matundu mapana kidogo kuliko miguu, kuushusha muundo kupitia hayo sentimita 10 hadi 15, kuchomelea juu, kisha kuupandisha na kuuketisha juu ya mabamba yanayofunika matundu. Kwenye gari la paa la turubai hili halikuhusu. Usikubali kamwe kiungo cha paa kilichochomelewa robo tatu. Robo iliyobaki ndiyo itakayofunguka.

Rukaruka pande: robo moja hapa, robo moja kiungo cha upande wa pili. Ukimaliza upande mmoja wote kwanza, joto huuvuta na tao huegemea kiasi cha mlango kugoma kufunga. Acha kila mshono upoe wenyewe bila maji, na usiusage kwa grainda ili upendeze.

Vibamba vya pembe, vya unene wa milimita 2 au zaidi, viwekwe kwenye pembe za mshazari, bomba la juu ya kioo na mabomba ya milangoni.

Kumaliza

Kagua kila mshono kwa tochi na kioo kidogo, ukitafuta vitundu, ukingo uliochimbika na nyufa za mwisho wa mshono. Kisha paka rangi ya kawaida, nyembamba na ya mwanga, kwa sababu ufa huonekana juu yake kama mstari wa kutu. Rangi ya unga iliyookwa hudumu, lakini ni nene kiasi cha kuficha ufa.

Usitoboe mabomba kwa skrubu za kufunga redio, taa au kizima moto. Chomelea vishikio vidogo kabla ya rangi, au tumia klampu. Funika kila bomba ambalo helmeti inaweza kulifikia kwa sponji ngumu ya rolikeji, mfano ile ya kiwango cha FIA 8857-2001 aina A. Sponji laini ya kufunikia mabomba ya maji ya moto hubonyea yote kwa kidole, kwa hiyo haitapunguza pigo lolote.

Kaza bolti za M8 kwa takriban Nm 25, ukitumia nati za kujifunga. Zikaze tena baada ya safari ya kwanza ya njia mbovu, kwa kuwa rangi na bati vilivyobanwa hukaa chini kidogo. Kila baada ya msimu fungua zulia, angalia bati kuzunguka mabamba sita, na upitishe kidole chini ya sakafu kutafuta ufa. Na gari likishabingirika, bomba lililopinda likatwe na kubadilishwa hadi kwenye viungo vyake. Halinyooshwi.